Sanduku zima, santuri moja: jinsi ya kuchagua ile ya thamani kuliko zote

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anafungua sanduku la santuri za mzee, anapekua lebo, anakutana na wimbo ambao hata mtoto wa jirani anaujua, anaamua hiyo ndiyo lulu. Anaifuta kwa spiriti, anaiweka sebuleni, nyingine zinarudi stoo.

Hapo amekosea mara tatu. Wimbo uliovuma ndio uliochapwa kwa wingi, kwa hiyo nakala zake bado zipo. Spiriti huyeyusha santuri za zamani. Na ile ambayo huenda hakuna mwingine aliyebaki nayo imerudishwa kwa panya.

Mwongozo huu ni wa masanduku ya kwetu: taarab, dansi, benga, na santuri za Kongo zilizouzwa huku. Neno "thamani" tunalitumia kwa maana moja tu: santuri ambayo ikivunjika leo huipati tena, hata ukiwa na pesa. Bei ya sokoni itaingia baadaye, kama ushahidi mmoja kati ya kadhaa.

Kwa sanduku la santuri 50, tenga siku mbili. Ukijaribu kumaliza kwa saa mbili utavunja kitu.

## Vifaa

- Meza pana, iliyotandikwa kanga au shuka safi ya pamba. Usifanyie kazi juu ya sakafu ya saruji.
- Tochi ndogo au taa ya simu, na kioo cha kukuzia.
- Rula na mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo kabisa.
- Brashi mpya yenye nywele laini sana. Ya vipodozi inafaa.
- Vitambaa vitatu vya kufutia miwani.
- Lita moja ya maji yaliyotoneshwa na sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu. Maji haya huuzwa pia vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri.
- Barakoa, kwa ajili ya ukungu.
- Bahasha mpya za karatasi isiyo na asidi, hata kumi zinatosha.
- Mashine ya santuri yenye sindano inayolingana na santuri. Hili tutalieleza kwenye hatua ya 7, na ndipo wengi wanapoharibu.

## Hatua ya 1: Toa zote bila kufuta chochote

Fanyia kazi hii kivulini, nje, ukiwa umevaa barakoa. Masanduku ya pwani karibu yote yana ukungu, na vumbi lake si la kuvuta.

Shika santuri kwa kingo, viganja viwili, kama unavyobeba sahani iliyojaa mchuzi. Vidole visiguse mistari: mafuta ya ngozi ndiyo chakula cha ukungu. Zisimamishe wima kwenye kreti. Usizilundike, kwa kuwa chembe ya mchanga kati ya santuri mbili ni msasa.

Kila inayotoka ibaki na bahasha yake, hata kama mende wameila nusu. Bahasha inaweza kuwa na muhuri wa duka, bei au jina la mtu. Ukiitupa sasa, hatua ya 8 itakosa ushahidi.

Umefaulu ikiwa: santuri zote zimesimama, kila moja na bahasha yake, na hakuna iliyofutwa.

## Hatua ya 2: Zitenge kwa mali iliyotengenezewa

Usitenge kwa msanii wala kwa mwaka. Tenga kwa mali, kwa sababu kila mali ina namna yake ya kufa.

Shelaki. Kwa kawaida ina kipenyo cha inchi 10, sawa na sentimita 25, na huzunguka mara 78 kwa dakika. Ni nzito, mara nyingi karibu gramu 200. Ukiigonga taratibu kwa ukucha inalia kama sahani ya udongo. Haipindi, inavunjika.

Vinili. Hizi ni zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45, na albamu za inchi 12 zinazozunguka mara 33 na theluthi. Hutii kidogo zikikunjwa, lakini usijaribu kukunja ili kujua. Uzito na saizi vinatosha kukuambia.

Laka. Hii wengi hawajawahi kuisikia. Ni bamba la chuma, kwa kawaida alumini, lililopakwa laka nyeusi na kuchongwa sauti moja kwa moja. Mulika tundu la katikati: ukiona ukingo wa chuma unang'aa, ndiyo hiyo. Lebo huwa imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, na wakati mwingine kuna matundu ya ziada pembeni mwa lile la kati. Studio na vituo vya redio vilizitumia kwa majaribio na kumbukumbu, na aghalabu nakala huwa moja tu.

Kwenye laka utakuta utando mweupe wa mafuta. Huo si uchafu wa nje. Ni laka yenyewe inayochakaa. Usiifute, usiioshe, usiipige hata mara moja. Iweke kando peke yake. Ikiwa ina sauti za watu wa kwenu, kazi ya kuchagua imekaribia kuisha hapohapo, na kinachobaki ni kumtafuta fundi wa kuinakili.

## Hatua ya 3: Soma lebo, kisha soma pasipo na lebo

Katika daftari andika, kwa kila santuri: jina la lebo, namba ya katalogi, msanii, wimbo wa upande A, wimbo wa upande B, na namba ya matriksi ya kila upande.

Namba ya matriksi ndiyo inayosahaulika. Iko kwenye utepe laini kati ya mstari wa mwisho wa sauti na lebo, imegongwa au kukwaruzwa kwa mkono. Mulika kwa ubavu, tochi ikiwa karibu sambamba na santuri, nayo itajitokeza.

Kwa nini usumbuke? Namba ya katalogi ni ya muuzaji. Matriksi ni ya sauti yenyewe. Santuri mbili zenye lebo tofauti na matriksi moja zimebeba rekodi ileile. Santuri mbili zenye wimbo uleule na matriksi tofauti zinaweza kuwa rekodi mbili, au mchongo mpya wa rekodi moja, masikio yataamua. Hili ni muhimu sana kwa dansi la Tanzania. Kuna nyimbo ambazo bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha zikarekodi tena Nairobi kwa ajili ya santuri. Ule unaousikia mtandaoni huenda ni wa redio, na wako wa Nairobi una gita lingine kabisa.

Mwaka hauandikwi mara zote, lakini lebo hujisaliti yenyewe:

- "Tanganyika" kwenye anwani inaelekeza kabla ya Aprili 1964, ukiacha lebo ambazo mchapaji alimalizia karatasi za zamani.
- "Congo Belge" ni kabla ya Juni 30, 1960. "Léopoldville" ni kabla ya 1966, mji ulipoitwa Kinshasa.
- "Zaïre" kama jina la nchi ni kati ya 1971 na 1997.
- Muhuri wa Redio Tanzania haukuwepo kabla ya 1965. Unakuambia santuri ilipigwa muhuri lini, si ilirekodiwa lini.

Majina ya lebo nayo yanasema. Jambo, Mzuri, Equator, AGS na CMS ni za Kenya. Ngoma, Opika na Loningisa ni za Kongo, zilizoanza karibu na mwaka 1950. Taarab ya shelaki kwenye lebo ya His Master's Voice, ile ya mbwa na gramafoni, inastahili kusomwa mara mbili: Siti binti Saad alirekodi Bombay kwa kampuni hiyo mwaka 1928, na waimbaji wengine wa Unguja wakafuata. Ukikuta moja ya kundi hilo, itoe kwenye kreti mara moja.

Onyo: usibandike stika wala kuandika namba kwenye lebo. Weka kikaratasi ndani ya bahasha.

## Hatua ya 4: Kagua majeraha

Inamisha santuri chini ya taa moja, izungushe polepole, tazama kwa ubavu. Unatafuta mambo manne, kwa mpangilio huu wa ubaya.

Ufa. Kwenye shelaki unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Ukianzia ukingoni na kuingia kwenye sauti, sindano itaruka na ufa utaendelea. Santuri kama hiyo haipigwi nyumbani, ila haitupwi: fundi anaweza kuinakili.

Mstari uliochakaa. Shelaki iliyopigwa sana kwa sindano ya chuma ya gramafoni hugeuka kijivu badala ya nyeusi inayong'aa. Hilo halitibiki. Vinili iliyochakaa ni mjanja zaidi: inang'aa vizuri lakini sauti za juu zimeliwa.

Mkwaruzo. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Usipohisi kitu, mara nyingi hausikiki. Ukihisi, pima urefu wake kutoka nje kwenda ndani. Kwenye shelaki ya 78, sentimita moja ni takriban nusu dakika ya "tik, tik". Kwenye ndogo ya 45, sentimita hiyohiyo hula karibu dakika moja na nusu, kwa sababu mistari imebanana.

Kupinda. Ilaze vinili juu ya kioo bapa. Ukingo ukiinuka chini ya milimita 2, mashine nyingi zitavumilia. Zaidi ya hapo mkono wa sindano utarukaruka. Usiianike juani ili inyooke. Jua ndilo lililoipinda.

Kigezo kimoja cha kwetu: kwenye santuri nyingi za 45 za dansi na za Kongo, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, upande A ukiwa na maneno na upande B ukiwa na sebene, yaani sehemu ya magita ya kuchezea. Watu walipiga zaidi upande wa kuchezea. Kagua B kwa ukali kuliko A.

Baada ya hatua hii chagua santuri zisizozidi kumi. Usiziondoe zenye majeraha ikiwa lebo yake huijui kabisa. Hizo zinabaki hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Safisha hizo kumi tu

Anza na brashi kavu, ukifuata mzunguko wa mistari, kamwe si kukatiza. Mara nyingi inatosha.

Ikibidi kuosha, changanya matone mawili ya sabuni kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Lowesha kitambaa, kikamue, zunguka mara tatu nne kila upande. Kitambaa cha pili kiwe cha maji matupu, cha tatu kikavu. Kisha isimamishe ikauke kwa hewa, kivulini, angalau saa moja kabla ya kurudi kwenye bahasha. Bahasha inayopokea santuri yenye unyevu inazalisha ukungu upya.

Lebo isilowe. Karatasi hunyonya, huvimba, na wino hutoka.

Onyo kubwa: spiriti, pombe ya kusafishia na sanitaiza hazigusi shelaki. Shelaki huyeyuka ndani ya pombe, na sauti inaondoka nayo. Dakika moja inatosha kufuta waimbaji wa miaka tisini iliyopita. Maji ya bomba nayo huacha chumvi kwenye mistari, hasa ya visima vya pwani.

Shelaki yenye ufa au iliyomeguka ukingoni haioshwi kwa maji kabisa. Unyevu hupenya ndani, ikavimba.

## Hatua ya 6: Tafuta ndugu zake

Sasa swali ni moja: nyingine iko wapi?

Tafuta kwa namba ya katalogi, si kwa jina. Majina ya bendi yaliandikwa kila namna: Orch., Orchestra, Jazz, Jazz Band. Na mchapaji hakujali h wala l. Namba haina tahajia.

Anzia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, ambako santuri iliyowahi kuuzwa humo huwa na historia ya mauzo: bei ya chini, ya kati na ya juu. Soma zilizouzwa, si zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba milioni kwa santuri miaka kumi bila mnunuzi. Kisha tafuta wimbo wenyewe YouTube, usikilize kama ni rekodi yako au ile ya redio.

Kutoonekana popote si cheti cha uadimu. Santuri nyingi za Nairobi hazijasajiliwa kwa sababu tu hakuna aliyekaa akaziandika. Hivyo uliza pia watu: wauza santuri wa zamani, wapiga muziki wa enzi hizo, wazee waliokuwa na mabaa. Watumie picha ya lebo, pande zote mbili. Usiwatumie bei.

Gawa kumi zako mafungu matatu: inayopatikana kirahisi, iliyoonekana mara chache, isiyoonekana. Fungu la kwanza liage, hata kama ndiyo uipendayo. Utaipenda vilevile ikiwa kwenye kreti.

## Hatua ya 7: Sikiliza, kwa sindano sahihi

Mstari wa shelaki ni mpana. Unahitaji sindano yenye ncha ya mikroni 76 hivi, na uzito wa gramu 4 hadi 5. Vinili ya stereo inataka ncha ya mikroni 18 hivi, na uzito wa gramu 1.5 hadi 3 kulingana na sindano yako.

Ukipiga shelaki kwa sindano ya vinili, ncha inazama na kuburuza sakafu ya mstari: utasikia mchanga mtupu, na sindano itakwisha mapema. Ukipiga vinili kwa sindano ya shelaki, ncha haiingii; inapanda juu na kusaga kuta.

Gramafoni ya babu, ya kuzungushwa kwa mpini, ni pambo. Kichwa chake kina uzito unaozidi gramu 100 na sindano ya chuma ya kubadilishwa kila upande. Ikigusa vinili, inaichonga kama jembe.

Mashine yako haina kasi ya 78? Weka sindano ya shelaki, piga kwa 45, rekodi kwenye kompyuta, kisha tumia programu kama Audacity kuongeza kasi kutoka 45 hadi 78, yaani mara 1.733. Sauti nene na nyembamba hazitakaa sawasawa, lakini kwa kuamua inatosha. Shelaki za kabla ya miaka ya 1930 hazikufuata 78 kamili. Mwimbaji akisikika kama anakimbia, shusha kidogo.

Piga kila moja mara moja tu, na rekodi mara hiyohiyo. Sikiliza:

- Je, sauti inapasuka kwenye sehemu zenye nguvu? Huo ni uchakavu. Mchakacho wa kudumu chini ya muziki ni wa kawaida kwa shelaki na hausumbui.
- Je, sindano inarudia mstari au kuruka? Andika sekunde.
- Je, maneno yanafuatika? Kwenye taarab hili lina uzito kuliko yote. Ala zikififia bado una wimbo. Shairi likipotea una kelele za fidla.

Umefaulu ikiwa: umebaki na santuri tatu ambazo hazipatikani kirahisi kwingine na zinasikika.

## Hatua ya 8: Ushahidi wa mwenye nayo

Rudi kwenye bahasha. Jina la mtu, tarehe ya harusi, muhuri wa duka la Mombasa au Ujiji, namba ya mashine ya kupigia muziki ya baa, vyote vinaipa santuri mwenyewe na mahali. Piga picha, usifute.

Kisha kaa na aliyebaki anayejua. Mpigie bibi au mjomba ile rekodi, washa kinasa cha simu, uliza: ilinunuliwa wapi, nani aliileta, ilipigwa siku gani? Wimbo kwanza, maswali baadaye. Wimbo hukumbusha kuliko swali.

Muhuri wa redio au maktaba ni jambo jingine. Huenda santuri iliazimwa na haikurudi. Ulizeni nyumbani kabla ya kutangaza.

## Hatua ya 9: Amua kati ya tatu

Ziweke mezani, uamue kwa mpangilio huu, usiruke:

1. Ipi haijaonekana kwingine kabisa? Ikiwa ni moja, hiyo ndiyo, hata kama inachakacha.
2. Zikilingana, ipi ina rekodi ambayo haipo hata kwenye kanda za redio?
3. Zikilingana bado, ipi ina jina au habari ya familia?
4. Sauti safi huamua mwisho. Usafi unaweza kuboreshwa kwa programu, uadimu hauongezeki.

Wengi hugeuza mpangilio huu, wakaishia na albamu safi ya miaka ya 1980 iliyojaa masoko yote.

## Hatua ya 10: Ilinde siku hiyohiyo

Rekodi upya, vizuri: faili ya WAV, biti 24, kilohezi 96, bila kusafisha sauti. Rekodi stereo hata kama santuri ni mono, kwa sababu upande mmoja wa mstari huwa umechakaa kidogo kuliko mwingine, na utachagua baadaye. Hesabu megabaiti 35 kwa dakika. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba hiyo. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo: kabla ya kuupandisha mtandaoni ulizia haki kwenye ofisi ya hakimiliki, Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO.

Santuri yenyewe iingie kwenye bahasha mpya ya karatasi isiyo na asidi, na bahasha ya zamani ikae nyuma yake, si ndani. Isimame wima, imebanwa kiasi pande zote mbili isilale. Joto la nyuzi 18 hadi 21 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndiyo kipimo cha maktaba; Tanga au Lamu hukipati bila kiyoyozi, basi chagua ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na jiko na friji, na pakiti za kukausha unyevu ubadilishe kila miezi miwili. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopumua. Na isisafiri kwenye gari lililoachwa juani.

Kikaratasi cha mwisho kiandike kwa penseli: lebo, katalogi, matriksi, nani aliinunua, faili ziko wapi. Kisha mwambie mtu mmoja mwingine nyumbani imekaa wapi.